Mpaka wa 105: Funzo la Zahanati ya Mlimani

Zahanati iliyomo katika kisa hiki ni ya kutunga, na namba zake nimezipanga ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi. Ugonjwa wenyewe ni wa kweli, na nyanda za juu unakozuka kwa kushtukiza ni za kweli: vilima vya Muleba mkoani Kagera, Kabale kusini-magharibi mwa Uganda, na nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997, malaria ilipanda huko na kuwakuta watu ambao miili yao haikuizoea. Kwenye baridi ya milimani vimelea vya malaria hukua polepole mno ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Miaka hupita wagonjwa wakiwa wachache, na kinga ya mwili haijengeki. Kisha unakuja mwaka mmoja wa joto na mvua nyingi, na homa inaingia nyumba kwa nyumba, haichagui mtoto wala mtu mzima.

Mahali pa namna hiyo, mtu wa kwanza kuona dalili za mlipuko ni yule anayejaza daftari. Akijua kulisoma, dawa zinaagizwa mapema. Asipojua, kijiji kinatambua kwa misiba.

Katika zahanati yetu kazi hiyo alikuwa nayo kijana mmoja mtunza kumbukumbu, mwepesi wa hesabu na mwenye mwandiko safi. Kila Jumatatu alijumlisha wagonjwa wa malaria waliothibitishwa kwa kipimo katika wiki iliyopita, akaweka nukta kwenye chati ya ukutani. Wilaya ilikuwa imewaagiza wawe na mpaka: wiki ambayo wagonjwa watauvuka, simu ipigwe siku hiyohiyo. Mpaka wenyewe waukokotoe kwa takwimu zao za miaka mitano.

Kijana alitoa madaftari kabatini, akatafuta wiki ya 20 ya kila mwaka, wakati mvua za masika zinapoelekea ukingoni. Akapata wagonjwa 18, 14, 97, 21 na 16. Mwaka wenye wagonjwa 97 ulikuwa mwaka wa mlipuko. Akajumlisha, akapata 166. Akagawanya kwa 5, wastani ukawa 33.2. Akakokotoa mkengeuko sanifu, ukawa karibu 35.8. Kanuni aliyofundishwa ilisema: chukua wastani, ongeza mkengeuko mara mbili. Jibu likakaribia 105. Akachora mstari mwekundu penye 105, akapiga mhuri, mganga mfawidhi akatia saini.

Muuguzi mmoja wa siku nyingi, aliyekuwa karibu kustaafu, aliutazama mstari ule akauliza:

"Mwanangu, wagonjwa mia kwa wiki hapa kwetu umewahi kuwaona?"

"Sijawaona, mama. Lakini hesabu ndivyo inavyosema."

Foleni ya kliniki ya watoto ilikuwa ndefu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka huo masika yalichelewa kuisha na usiku ukawa na joto. Wiki ya 20 walikuja wagonjwa 26. Wiki ya 21, wagonjwa 41. Wiki ya 22, wagonjwa 58. Wiki ya 23, wagonjwa 83. Kila Jumatatu kijana aliweka nukta yake, na kila Jumatatu nukta ilikuwa chini ya mstari mwekundu. Muuguzi aliona mabenchi yamejaa, akasema, akaonyeshwa chati. Wiki ya 24 wakaja 112, mstari ukavukwa, simu ikapigwa. Kufikia hapo wagonjwa 320 walikuwa wamepita mlangoni, dawa mseto ilikuwa imekwisha stoo, na wazazi walikuwa wakiwabeba watoto mgongoni kuteremka hadi hospitali ya wilaya. Watoto walifika wakiwa wameishiwa damu. Wengine hawakufika.

Hebu tukae na hesabu ya kijana huyu, maana hakukosea kujumlisha wala kugawanya. Alikosea pale alipouacha mwaka mmoja uamue hali ya kawaida ya kijiji kizima. Namba nne kati ya tano ziko kati ya 14 na 21, wala hakuna hata wiki moja iliyokuwa na wagonjwa 33. Ile 97 peke yake iliuvuta wastani juu, kisha ikauvuta mkengeuko juu zaidi, kwa sababu mkengeuko hupima umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani na kuuzidisha kwa wenyewe. Mlipuko wa zamani ukaficha mlipuko mpya. Kijiji kilichowahi kuumia ndicho kikawekewa mpaka wa juu zaidi, yaani ndicho kikatakiwa kiumie zaidi kabla ya kusikilizwa.

Ipo njia isiyodanganyika kirahisi hivyo. Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa: 14, 16, 18, 21, 97. Ya katikati ni 18; hiyo ndiyo mediani. Sasa tafuta mahali ambapo robo ya namba zimebaki chini, na mahali ambapo robo tatu zimebaki chini. Kwa namba tano, ya pili ndiyo robo ya kwanza, nayo ni 16. Ya nne ndiyo robo ya tatu, nayo ni 21. Toa 16 kwenye 21, unabaki na 5. Hayo ndiyo masafa baina ya robo: upana wa eneo ambamo nusu ya katikati ya data huishi. Yanatuambia kwamba katika wiki hii ya mwaka, wagonjwa wa kawaida hapa ni kama 16 hadi 21, na kupanda au kushuka kwa watu watano hivi hakumshangazi mtu.

Linganisha na masafa ya jumla, yaani namba kubwa kutoa ndogo: 97 kutoa 14 ni 83. Kipimo hicho kinaamuliwa na namba mbili za pembeni tu, na zilizobaki zote hazina sauti. Ijaribu tofauti hii kwa mkono wako. Tuseme karani aliteleza akaandika 970 badala ya 97. Wastani unaruka kutoka 33.2 hadi 207.8. Masafa ya jumla yanakuwa 956. Masafa baina ya robo yanabaki 5 palepale, kwa kuwa yanauliza namba imekaa nafasi ya ngapi, hayaulizi imekwenda mbali kiasi gani. Ndiyo maana robo ya tatu ya takwimu za miaka mitano ni mojawapo ya njia ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza kwa kuweka mpaka wa mlipuko wa malaria. Katika zahanati yetu mpaka huo ungekuwa 21, na wagonjwa 26 wa wiki ya 20 wangeuvuka.

Lakini yeyote atakayeichukua njia hii kama dawa ya kila kitu atajikuta penye shimo lilelile. Yapo mambo matatu ya kuchunga.

La kwanza ni namna ya kuzitafuta robo. Wengi tulifundishwa shuleni kuongeza moja kwenye idadi ya namba na kugawanya kwa nne. Kwa namba tano, nafasi ya robo ya kwanza inakuwa 1.5 na ya robo ya tatu 4.5. Nafasi ya 4.5 iko nusu ya njia kati ya 21 na 97, yaani 59. Robo ya kwanza inakuwa 15, na masafa yanapanda kutoka 5 hadi 44. Data ni ileile, jina la kipimo ni lilelile, na bado ile 97 imerudi kuamua. Kwa mpaka wa 59, wagonjwa 58 wa wiki ya 22 wangepita kimya. Programu za kompyuta nazo zina njia zote mbili, na mtu hubofya bila kujua amechagua ipi. Data zikiwa nyingi, tofauti hii hupungua hadi haina madhara. Zikiwa tano, inaweza kugharimu maisha. Kwa hiyo andika kwenye chati umetumia njia gani, na wote wanaopeleka takwimu wilayani watumie moja. Ukiweza, ongeza namba: chukua wiki ya 19, ya 20 na ya 21 za miaka yote mitano, upate namba 15. Kwa kanuni ya shule robo zinaangukia nafasi ya 4 na ya 12 bila sehemu yoyote, na zile namba tatu za mwaka wa mlipuko, zikiwa ndizo kubwa kuliko zote, zinakaa nafasi ya 13, 14 na 15, nje ya robo ya tatu.

La pili ni maana ya kuuvuka mpaka. Robo ya tatu, kwa maana yake yenyewe, huvukwa takribani mara moja katika kila nne hata miaka ya amani. Zahanati ikipiga simu ya dharura kila inapovukwa, wilaya itaacha kupokea. Hapa masafa baina ya robo yanatupa hatua ya pili. Mtakwimu wa Marekani John Tukey, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu kuchunguza data, alieneza desturi ya kuweka uzio: zidisha masafa kwa 1.5, ongeza kwenye robo ya tatu. Kwetu sisi, 5 mara 1.5 ni 7.5, na uzio unasimama penye 28.5. Data zinazotawanyika kwa ulinganifu wa kawaida hutoa nje ya uzio, wa juu na wa chini kwa pamoja, namba 7 hivi tu kati ya 1,000. Basi 21 iwe alama ya kufungua macho: hakiki vipimo, hesabu dawa, uliza wagonjwa wanatoka kitongoji gani. Na 28.5 iwe alama ya simu. Katika kisa chetu wiki ya 20 ingefungua macho, na wiki ya 21, yenye wagonjwa 41, ingepiga simu. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2000 waliweka lengo la milipuko ya malaria kugunduliwa ndani ya wiki mbili tangu ianze. Kwa kalamu, karatasi na namba tano, zahanati ya mlimani ingelifikia.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hufanywa na watu wenye nia njema. Mtu akishajifunza uzio, anaona 97 iko nje yake, na mkono unamwasha kuifuta. Data zinakuwa safi, jedwali linapendeza, ripoti inakwenda juu. Lakini ile 97 haikuwa kosa la kalamu. Ilikuwa watu 97 wenye homa katika wiki moja. Ukiifuta, daftari litasema mlima huu haujawahi kuona mlipuko, na anayegawa vyandarua, anayepanga unyunyiziaji wa dawa ukutani na anayeamua stoo ya akiba iwe na dozi ngapi wote wataliamini daftari. Uzio unamwambia mwenye data, "Nenda kaulize kuhusu namba hii." Ikithibitika kwamba karani aliandika 970 kwa 97, isahihishwe, na sahihisho lioneshwe. Ikithibitika kuwa ni kweli, ibaki mahali pake na iandikwe pembeni: mwaka wa mlipuko. Uzuri wa robo ni kwamba hazikulazimishi kuifuta ili upate mpaka wa haki.

Na uvumilivu wa robo una kikomo. Robo ya tatu hustahimili namba za ajabu ikiwa hazifiki robo ya data. Kama miaka miwili kati ya mitano ingekuwa ya mlipuko, namba zikawa 14, 16, 18, 88 na 97, robo ya tatu ingekuwa 88, na tungerudi kwenye ukimya uleule. Hapo lazima urudi nyuma miaka zaidi, au utenge miaka ya mlipuko kwa uwazi unapoweka mpaka. Hakuna kanuni inayoweza kumwondolea mtu wajibu wa kujua namba zake zilitoka wapi.

Wajibu huo muuguzi mzee alikuwa nao. Aliijua kawaida ya kilima chake kwa miaka ya kupokea wagonjwa, na swali lake lilikuwa swali sahihi la takwimu: je, mpaka huu unafanana na maisha ya hapa? Kijana angepanga zile namba tano kwa ukubwa wake, angeona kwa jicho kwamba mama anasema kweli. Tunapofundisha hesabu hii katika vyuo vya afya na sekondari, tuifundishe hivyo: kwanza panga namba uzione, kisha tafuta mediani na robo zake, kisha pima masafa yake, kisha simama na uwaulize waliokuwepo. Mpaka unaopingana na kila anayefanya kazi mahali hapo ukokotolewe upya kabla haujatiwa saini.