Kadari, Chandarua na Pipa la Jirani
Tawakuli, yaani kumtegemea Mungu baada ya kutimiza wajibu, haipingani na kutumia chandarua cha kuzuia mbu, kwani hata Khalifa Umar, alipoahirisha kuingia Sham (eneo la Syria) yenye tauni katika karne ya 7, alilihesabu jambo hilo kuwa ni kutoka kadari moja ya Mungu kwenda nyingine. Gumu zaidi, na ambalo wahubiri hulitaja kwa nadra mno, ni suala la jirani: mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengi, huuma hasa mchana na huzaliana katika pipa lisilofunikwa au kifuu chenye maji ya mvua, hivyo anayelala ndani ya chandarua huku pipa lake li wazi humwachia jirani dhara, ambalo fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, hulikataza hata kwa mwenye kutumia mali yake mwenyewe.