Kumfungia Umpendaye

Paka wangu aligongwa na bodaboda hapa Magomeni, mguu wa nyuma ukavunjika. Daktari wa mifugo akamfunga banzi, akanionya nisije nikampa panadol maana kwa paka ni sumu, kisha akasema: wiki 6 ndani ya kizimba, asiruke.

Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri. Asubuhi mama jirani akanikumbusha hadithi ya Mtume tuliyofunzwa madrasa, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia. "Mwanangu, mwachie kiumbe wa Mungu." Nikakosa la kujibu.

Baadaye niliifikiria upya. Mwanamke yule alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe. Yaani kufuli lilizaa deni, na deni halikulipwa. Ukishamzibia mwenzio njia, njaa yake inakuwa yako, kiu yake, choo chake, hata upweke wake. Basi nikahamishia mkeka wangu karibu na kizimba.

Ila hilo halinimalizii swali. Kila anayefunga wengine husema ni kwa faida yao, na paka hakuulizwa. Tofauti ninayoiona ni moja tu: mimi nimeshaijua siku ya kufungua, na sina ruhusa ya kuisogeza kwa raha yangu.

Leo ni wiki ya 4. Ameanza kuukanyagia mguu. Akinitazama kupitia waya, bado najiona mshitakiwa. Heri iwe hivyo. Siku nikipita pale bila kuona haya, nitakuwa askari jela tu.