Makazi kwa Asiye na Makao: Haki au Hisani?

  

Ndugu zangu katika imani, swali ninalolileta mbele yenu nimekaa nalo tangu nikiwa sekondari. Mtu asiye na pa kukaa anapopewa na serikali kiwanja, nguzo na turubai, je, amefadhiliwa au amelipwa haki yake? Unaweza kuona kwamba hayo ni maneno tu, maadamu mtu kapata pa kulala. Lakini aliyefadhiliwa hushukuru akanyamaza. Mwenye haki huuliza, hudai, na akipewa kilichopungua husema kimepungua. Kwa hiyo jibu tutakalotoa ndilo litakaloamua kama masikini aruhusiwe kufungua mdomo.

Yaliyotokea kwetu

Nimezaliwa Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Baba yangu ni mtu wa Kigoma aliyeifuata biashara ya samaki akabaki huko. Mama ni mzaliwa wa Chisenga, kisiwa cha wilaya yetu, ardhi ya chini iliyozungukwa na maji na matete.

Kuanzia Agosti 2017 watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walianza kuvuka mpaka kwa maelfu, wakikimbia wanamgambo na mapigano vijijini mwao. Wengi walipitia Chiengi, kaskazini mwa wilaya yetu. Serikali ya Zambia, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliwapokea kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha mwanzoni mwa 2018 ikafungua makazi ya Mantapala, yote mawili yakiwa ndani ya wilaya ya Nchelenge. Mpango wa Mantapala ulikuwa kila kaya ipewe kiwanja cha kujenga na ardhi ya kulima, na shule, zahanati na visima viwafae wageni na wenyeji pamoja. Kwa Zambia jambo hili halikuwa geni. Mayukwayukwa ilifunguliwa mwaka 1966 na Meheba mwaka 1971, na watu wamezaa na kuzikana humo. Wasomaji wa Tanzania nao wanazijua Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikopewa ardhi Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, hata mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao wakapewa uraia.

Siku zile za mwanzo, kabla watu wote hawajapelekwa panapohusika, mama alinichukua tukapeleka nguo kwa familia chache zilizofikia karibu na ufukwe. Tulimkuta mama mmoja na watoto wanne chini ya turubai lililofungwa kwenye miti miwili. Mama akamsalimu, akampa vitenge na sufuria. Mimi, kwa ujana wangu, nikamwambia, "Alhamdulillah, mama, angalau umepata mahali pa kulala." Akaniangalia, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mutoto yangu, mahali pa kulala niko napo. Mulango ndiyo sina."

Nilidhani anadai makubwa. Tulirudi nyumbani tukijiona tumetoa.

Mlango katika Sharia

Miaka kadhaa baadaye, darasani, tuliposoma Suratun-Nur, neno la yule mama lilinirudia. Aya ya 27 na ya 28 zinatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu alichungulia kwa Mtume (SAW) kupitia tundu, na Mtume akamfundisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho.

Sasa tujiulize: aya hii inafanyaje kazi kwa anayeishi chini ya turubai lililo wazi pande zote? Aombwe idhini kupitia wapi? Mwanamke huyo ameamrishwa sitara kama dada zetu wa hapa chuoni. Watoto wake wameamrishwa kuomba idhini katika nyakati tatu za faragha, kama ilivyo katika aya ya 58 ya sura hiyohiyo. Allah (SW) hamkalifishi mtu kwa asichokiweza. Lakini jamii inayomwacha mtu katika hali ambayo hukumu hizi haziwezi kutekelezwa inaulizwa kuhusu hali hiyo. Kanuni tuliyoisoma katika usuul inasema kwamba kile ambacho wajibu hautimii bila yake, nacho ni wajibu. Ikiwa sitara ya familia ni wajibu, na sitara haitimii bila mlango, basi mlango umeingia katika wajibu.

Aya ya 80 ya Suratun-Nahl inayataja majumba kuwa ni mahali pa utulivu, na inayataja pamoja na mahema ya ngozi ambayo wasafiri huyabeba. Hema basi halidharauliwi. Linalotakiwa ni utulivu, awe mtu katika jumba la matofali au katika hema la ngozi.

Mwanachuoni aliyelisema jambo hili kwa uwazi zaidi ni Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 Hijria. Huyu aliijua hasara ya kupoteza nyumba: vita vya ndani vilimtoa Cordoba akiwa kijana, na majumba ya familia yake yakaharibiwa. Katika Al-Muhalla anasema kuwa ni faradhi kwa matajiri wa kila nchi kuwakimu mafukara wao, na mtawala awalazimishe ikiwa zaka haitoshi. Kisha anaorodhesha: chakula cha lazima, nguo za kiangazi na za baridi, na makazi yatakayowakinga na mvua, joto, jua, na macho ya wapitao. Niliposoma hilo la mwisho nilifunga kitabu kwa muda. Yule mama wa ufukweni hakuwa amesoma Al-Muhalla, lakini alilotaka ni hilohilo.

Ipo pia hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Uthman (RA), inayohesabu nyumba ya kukaa miongoni mwa mambo machache ambayo mwanadamu ana haki nayo, pamoja na nguo ya kujisitiri, mkate na maji. Wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana juu ya sanadi yake, kwa hiyo siijengi hoja yangu juu yake peke yake. Naitaja kwa kuwa inakubaliana na yaliyotangulia.

Je, Suffa haitoshi?

Huenda mtu akasema kwamba Ahlu Suffa waliishi chini ya kipaa nyuma ya msikiti wa Mtume (SAW), hawakuwa na milango, nao ni katika masahaba bora. Ni kweli. Lakini Mtume hakuwaacha pale kama jambo lililokwisha. Aliwahimiza masahaba wawachukue majumbani kwao, kila mmoja kwa kiasi cha chakula chake. Wanahistoria wanaeleza pia kwamba aliwagawia Muhajirina viwanja Madina wajenge. Suffa ilikuwa mapokezi, mfano wa kituo cha muda, na viwanja ndiyo makazi. Kosa linakuja pale mapokezi yanapogeuka kuwa maisha, na mtu akaambiwa ashukuru miaka na miaka kwa turubai la siku ya kwanza.

Umar (RA) naye alilichukua suala hili kuwa kazi ya dola. At-Tabari anasimulia kwamba watu wa Kufa walijenga kwa matete, moto ukaunguza, wakaomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Umar akawaruhusu, kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu wala wasishindane kwa majengo marefu. Tazameni: mtawala anahakikisha watu wana nyumba imara, na papo hapo anazuia mwenye uwezo asijitanue.

Swali la mjomba

Nafika sasa penye ugumu. Mjomba wangu anaishi Chisenga. Nyumba yake ni ya matete na udongo, na ipo miaka ambayo maji hupanda yakamtoa. Kuanzia Desemba mosi mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo mvua inanyesha na mfuko ni mtupu. Aliposikia kuhusu viwanja vya Mantapala aliniambia, "Mpwa wangu, na mimi nivuke kwenda Kongo, kisha nirudi nikimbie, ndipo nipewe kiwanja?"

Tusimcheke, wala tusimwite mbaguzi. Mjomba hana chuki na Wakongo. Amewauzia samaki na kununua kwao maisha yake yote. Anachouliza ni uadilifu: kwa nini aliyekuja jana ahesabiwe, na mimi niliyezaliwa hapa nisihesabiwe?

Ukishika jibu la hisani, mjomba hana la kusema. Mfadhili humpa amtakaye. Na ndiyo maana hisani peke yake huzaa wivu baina ya masikini wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mpinzani mbele ya mkono mmoja wenye kutoa. Ukishika jibu la haki, mjomba anaweza kusema, "Huyu amepewa haki yake, nami natafuta yangu." Haki ya mkimbizi haipunguzi haki ya mvuvi wa Chisenga. Inaithibitisha, kwa kuwa zote mbili zimesimama juu ya uhitaji. Tena jibu la haki humpa mkimbizi naye nafasi ya kuuliza zaidi. Sheria za Zambia humtaka mkimbizi kwa kawaida akae katika makazi aliyopangiwa na aombe kibali cha kutoka. Mlango ni wa kufunga, na ni wa kutokea pia. Mwenye kukuhesabia haki yako atakusikiliza ukilitaja hilo. Mfadhili atakuona huna shukrani.

Wapo wanaosema kuwa kuwapa watu makazi kunawafanya wavivu. Kwetu ziwani mtu asiye na pa kufungia hawezi hata kuweka nyavu zake, wala mbegu za msimu ujao. Mlango ndio mwanzo wa kujitegemea. Na wapo wanaosema wengi wa wakimbizi hawa si Waislamu. Fiqhi ya zaka ina mipaka yake kwa wasio Waislamu, nayo inajulikana. Lakini aya ya 8 ya Suratul-Mumtahina imetufungulia wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Imeutaja uadilifu kando ya wema, na uadilifu ni kumpa mtu kilicho chake.

Nani anadaiwa?

Nilipomweleza mjomba maneno ya Ibn Hazm alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi haki yangu nimdai nani?"

Nilitaka kusema "serikali." Lakini Ibn Hazm hakuanza na serikali. Alianza na matajiri wa nchi, na mtawala kwake ni wa kuwalazimisha wakikaidi. Maana yake ni kwamba mpango wa serikali wa makazi unabeba deni letu. Unapopungua, tusikimbilie kuilaumu ofisi kabla hatujatazama nyumbani.

Na mimi nimetazama. Mwaka ule ambao mama na mimi tulipeleka vitenge, uani kwetu Nchelenge palikuwa na vyumba viwili vyenye mabati na milango ya mbao. Kimoja kilikuwa na magunia ya chisense, wale dagaa wa Mweru. Cha pili kilikuwa kitupu, kimefungwa kwa kufuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyekitaja. Sikumbuki kwamba tulikataa. Hatukuwaza kabisa, kwa sababu tulikuwa tumeshatoa. Hivyo ndivyo hisani inavyoweza kumlaza mtu: anapima alichotoa, hapimi anachodaiwa.

Mjomba bado yupo Chisenga, na swali lake sijalijibu kwa vitendo. Ila mwaka jana nilimwomba baba kile chumba kitupu kiwe cha ndugu wa kisiwani miezi maji yanapopanda. Baba alikubali, ingawa alinyamaza kwa muda kwanza.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutahitimu, tutaajiriwa, na kitu cha kwanza tutakachofanya ni kununua kiwanja. Ni halali, na ni jambo jema. Tunapochora ramani ya vyumba tukumbuke sharti la Umar kwa watu wa Kufa. Jumuiya yetu hukusanya sadaka kila Ramadhani kwa futari. Nashauri tuanze pia wakfu, hata wa chumba kimoja, kwa asiye na mlango. Na tunapoisema serikali kuhusu wasio na makao, tuseme kama wadaiwa wenza.

Allah (SW) atusitiri sisi na wasio na sitara, atujaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, na asizifanye hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.