Afya: Njia au Lengo?

Je, afya ina thamani kwa sababu inaleta mali, au ina thamani yenyewe? Afrika Magharibi inatoa mfano mzuri wa kulipima swali hili. Kuanzia mwaka 1974, Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na washirika wao walipambana na usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha na unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Helikopta zilinyunyizia dawa mitoni ili kuua viluwiluwi. Inzi hawajui mipaka, hivyo mpango ulioanza na nchi 7 ulifikia 11.

Kabla ya hapo, mabonde mengi yenye rutuba ya mto Volta yalikuwa yamehamwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Kipofu alitembea ameshika ncha moja ya fimbo, ncha ya pili imeshikwa na mtoto, na mtoto huyo mara nyingi ndiye aliyekosa shule. Mpango ulipofungwa mwaka 2002, takriban hekta milioni 25 zilikuwa zimefaa tena kwa makazi na kilimo.

Hesabu hiyo huwavutia wafadhili, lakini ina kasoro. Mzee aliyekwisha kupofuka hakurudishiwa macho. Kwa kipimo cha mapato pekee, hahesabiki. Amartya Sen, mchumi wa India, huiona afya kuwa sehemu ya uhuru wa mtu, na mapato kuwa chombo tu cha kuupanua. Kwa mtazamo huo, ulio sahihi zaidi, ukuaji wa uchumi unaomwacha mzee huyo nje si jumuishi, hata hekta ziwe nyingi kiasi gani.