Kanisa Moja, Mara Tatu

"Tembea uone," walinena wahenga. Hawakunena "tembea uhukumu." Baina ya kuona na kuhukumu pana swali linalomkabili kila aendaye ugenini kwa mara ya kwanza: je, kilichopita mbele ya macho kwa dakika chache kinampa mtu haki ya kusema nini?

Tutazame Uswisi, nchi ambayo wageni wengi huizuru wakiwa wameketi ndani ya treni. Asiye mzoefu wa safari huipenda njia hii kwa kuwa haimdai ujuzi mwingi. Yeye hukaa, na milima humjia dirishani. Ukitoka Zürich kuelekea Locarno kwa reli kongwe ya Gotthard, iliyofunguliwa mwaka 1882, utapita kijiji cha Wassen. Hapo bonde lina mwinuko mkali, treni haiwezi kuupanda moja kwa moja. Kwa hiyo wahandisi waliizungusha reli ndani ya mwamba. Abiria huliona kanisa dogo jeupe likiwa juu yake. Treni huingia gizani. Ikitoka, kanisa li mkabala wa macho yake. Huingia tena na kutoka, na sasa kanisa li chini bondeni. Mgeni asiyeambiwa hudhani ameona makanisa matatu. Kumbe ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali alipo yeye.

Sisi wa visiwani twalijua jambo hili kwa upande wa pili. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na wageni hupita vichochoroni mwake wakipiga picha milango na wazee wa barazani. Wapo waulizao na kusikiliza. Wapo pia wanaokaa asubuhi moja, kisha wakaondoka na hukumu kamili juu ya dini yetu, wake zetu na uvivu wetu. Hukumu hiyo hutuchoma. Basi tunapokuwa sisi dirishani, je, tunayo adabu ile tunayowadai wengine?

Huenda mtu akasema: ikiwa ni hivyo, afadhali kutosafiri kabisa. La hasha. Kuona kidogo si dhambi, na ugeni si aibu. Dhambi ni kukifanya kidogo kuwa chote. Hapa asiye mzoefu ana heri kuliko mzoefu, maana yeye angali anajua kwamba hajui.

Mbele ya Wassen, pale Göschenen, treni huingia katika handaki la kilomita 15. Dirisha hugeuka kioo, na abiria huona uso wake tu. Wengi husinzia. Lakini handaki hilo lilichimbwa kwa miaka kumi, tangu 1872, na vibarua ambao wengi wao walikuwa Wataliani. Takriban 200 walifia kazini. Wengine walidhoofishwa na safura, maradhi ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1875 waligoma, wakapigwa risasi, na wanne wakafa. Sehemu nzito kuliko zote katika safari nzima ndiyo hiyo ambayo jicho haliambulii kitu.

Tangu mwaka 2016 liko handaki jingine chini zaidi, lenye urefu wa kilomita 57, na treni za haraka hupita humo zisilione kanisa hata mara moja. Anayesafiri ili aone, na aipande treni ya njia kongwe, amuulize aliyeketi jirani yake, na asome habari za waliochimba kabla hajaingia gizani. Akirudi nyumbani na kuulizwa nchi ile ikoje, aseme: "Nimeona upande wa dirisha langu." Jibu hilo halimpunguzii msafiri heshima, na wenyeji wa kule, wakilisikia, hawatakuwa na la kumlaumu.