Mshahara wa Wanaofundisha Wamama

Masomo: Matendo ya Mitume 9:36-42, 1 Wakorintho 9:9-18



Swali moja linazunguka kati ya vijana wanaofundisha wamama kusoma na kuhesabu kila Jumamosi: "Sisi tunapata nini?" Tumelisikia mlangoni mwa hekalu, tumelisikia hata katika kikao cha mashemasi. Hatukukasirika. Kijana mwenye diploma na asiye na kazi, ambaye nyumbani wanamwuliza kila asubuhi makala na unga wa bukari vitanunuliwa na nini, ana haki ya kuuliza. Tena ameona miradi ikifika mtaani na magari makubwa, ikigawa feza ya transpoo na soda kwa kila aliyekaa kitini. Mradi ukaisha, viti vikabaki vitupu. Kwetu soda haipo. Kuna ubao, kuna chaki, kuna wamama waliotoka sokoni na miguu imevimba.

Basi tujibu kwa Neno, wala tusijibu mbio.

Mtume Paulo alilijua swali hili. Kwanza anatetea haki ya mtumishi kula kutoka katika kazi yake. Anakumbusha hata ile amri ya ng'ombe anayepura nafaka, kwamba asifungwe kinywa. Asiyesoma mwanzo huo asimwambie mwalimu kwamba kuomba cha kula ni dhambi. Lakini Paulo akiisha kuijenga haki yake kama mtu anayejenga ukuta, anaiacha pale pale. Anajiuliza mshahara wake ni nini, na anajibu kwamba ni kutoa bila kulipwa. Maneno haya ni magumu, na wahubiri wengi wanayapita haraka. Paulo hasemi kwamba mshahara utakuja baadaye kwa njia nyingine. Anasema ameisha kuupokea, nao uko ndani ya kazi.

Twende Yafa tukaone. Tabitha alikuwa akishona nguo za wajane. Petro alipopanda katika chumba cha juu, hakuna aliyemwonyesha nyumba ya marehemu wala akiba yake. Wajane walisimama wanalia, wakamwonyesha kanzu alizowashonea. Na tuangalie vizuri ni nani anayesema katika kilio kile. Ni wajane! Katika jamaa zetu nyingi mjane hapewi neno siku ya kilio. Anakaa chini kwenye mkeka, wengine wanasema juu yake. Yafa yeye ndiye shahidi mbele ya mtume.

Kwetu mambo yanakwendaje? Maiti haijatoka nyumbani, mashemeji wameisha kuhesabu vitanda na viti. Wanamletea mjane karatasi: "Mama, weka kidole hapa." Anaweka. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987 inamwachia mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini haki hiyo itamsaidia nini mtu ambaye karatasi kwake ni giza? Sheria ile ile ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate kwanza ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria, mpaka sheria ya 15 Julai 2016 ilipoiondoa ruhusa hiyo. Kuna wababa wa kanisa ambao habari hiyo haijawafikia, au iliwafikia wakaiacha uani.

Ndiyo maana herufi si mchezo wa watoto. Tuchukue kikelemba. Wamama 12 wanatoa kila mmoja franka 5,000 kwa juma. Kila juma mmoja anachukua franka 60,000 zote, na wa mwisho anapokea sawasawa na wa kwanza. Hakuna faida, hakuna benki, kuna uaminifu na daftari. Na daftari lilikuwa mikononi mwa nani? Katika parokia yetu kwa muda mrefu aliliandika mtoto wa shule wa mama mmoja, na siku mtoto alipokuwa na mtihani, hesabu zilingoja. Mabishano hayakukosa. Leo linaandikwa na muuza sombe ambaye mwaka juzi alikuwa akishika kalamu kama mtu anayeshika kisu. Anaandika pole pole, anatoa ulimi kidogo, anawaambia wenzake wasimsumbue. Mwalimu wake alikuwa amekaa nyuma anamtazama, na hakuna aliyemwita kusaidia. Tulimwona uso wake. Kijana yule hakutuuliza tena habari ya mshahara.

Lakini tujihadhari, kwa maana kuna mishahara ya uongo. Mwalimu anayekataa feza lakini anapenda wamama wamletee kuku, wamchotee maji, wapige magoti wanapomsalimia, huyo amejilipa, tena amejilipa sana. Na yule anayefurahi kwamba bila yeye wamama hawawezi kuhesabu, huyo hajafundisha. Amewafunga kwa kamba mpya.

Sisi wa kanisa hili hatuhitaji kwenda mbali kwa mfano. Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba 6 Aprili 1921. Mwaka ule ule walimfunga, wakamleta Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akakaa gerezani mpaka alipofariki 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Na kundi lilichungwa na nani? Mama Muilu Marie, na watoto wake watatu, kwa siri, chini ya macho ya serikali ya kikoloni iliyolikataza kanisa. Alifariki 27 Aprili 1959. Serikali ililitambua kanisa 24 Desemba ya mwaka huo huo. Siku hiyo hakuiona. Anayepima kazi kwa malipo atasema Mama alipata hasara.

Neno moja kwa wazee wa parokia, na tunalisema wazi. Paulo aliiacha haki yake yeye mwenyewe; Wakorintho hawakumnyang'anya. Kwa hiyo haifai sisi tunaokaa mbele tumhubirie kijana thawabu ya mbinguni huku chaki ananunua yeye, na kurudi nyumbani usiku anatembea kwa miguu. Chaki, madaftari, mafuta ya taa na transpoo ya wanaotoka mbali vitoke katika sadaka. Kikao cha mashemasi kimekubali, na mtunza feza ameandika.

Masomo yanaendelea Jumamosi saa nane mchana, nyuma ya hekalu. Walimu wawili wanahitajika kwa wamama wa kundi la pili, wale wanaoanza hesabu ya kugawa. Anayetaka aende kwa mama shemasi baada ya ibada. Daftari liko kwake. Wababa, siku hiyo mbaki na watoto.