Pikipiki na Mpandaji Wake

Pikipiki ya Triumph Bonneville ilitoka kwanza Uingereza mwaka 1959, ikarudi sokoni mwaka 2001 kwa umbo lile lile la kale. Baadaye, mafuta yake yalipoanza kunyunyizwa kwa mtambo wa umeme, mtambo huo ulifichwa katika kasha lenye sura ya kabureta. Je, huu ni udanganyifu? Kwa mnunuzi ajuaye, ni pambo, na mahaba ya macho yana haki yake. Lakini uzito upitao kilo 200 haubebwi kwa macho. Hudai miguu ifikayo chini na mkono mtulivu. Mpandaji aijaribu katika njia isiyo na watu. Akishuka bila hamu ya kuipanda tena, alichokitaka ni kutazamwa.